Mpanda Ngazi

Tangazo lilisema: vyumba viwili, jua la asubuhi,
karibu na metro, wanyama hawaruhusiwi.
Nililisoma mara tatu, kana kwamba
maneno mawili ya mwisho yangechoka, yakajiondokea.

Ni Mei, Montreal. Theluji imekubali kushindwa
na mji mzima unahesabu siku za Julai mosi,
siku wapangaji wote wanapohama kwa mpigo,
magodoro yakibebana juu ya magari,
majokofu yakiteremshwa kwa kamba
kama wagonjwa wenye vyeo.

Ghislain ana ramani na penseli.
Anachora duara: dakika arobaini toka hospitali,
maana zamu yangu huisha alfajiri
na aliyekesha na vitanda kumi na vinne
husinzia, akapitwa na kituo chake.
Duara la pili analizungusha shule ya Anouk.
La tatu ni la pesa, na hilo
halikutani na mengine popote
ila katikati ya mto.
"Basi tukaishi na samaki," akasema Anouk.

Halafu kuna Pistache.
Miaka kumi na miwili, nyonga mbovu,
kilo thelathini na moja za upole na ushuzi.
Mpanda ngazi hushuka, wanasema;
wetu hapandi wala hashuki.
Na mji huu ngazi zake ziko nje, za chuma,
zimejipinda kama ganda la chungwa
lililomenywa bila kukatika.
Wageni huzipiga picha. Pistache huketi chini yake
akatazama juu, kama mtu aliyesomewa bili.

Tuliona nyumba Verdun: dirisha la watoto
linatazama ukuta, na ukuta hautazami kitu.
Tuliona nyumba Rosemont, sakafu inanukia nta,
mwenyewe akamchekea Théo, akampa biskuti,
kisha akauliza, "Mbwa ana uzito gani?"
Nikasema, kilo kumi na nne.
Ndipo Pistache akajitokeza nyuma ya gari,
taratibu, kipande baada ya kipande,
kama treni ya mizigo.

Usiku ule Ghislain alianza kwa sauti ya chini:
dada yake ana shamba, kuna nyasi, kuna bata,
mbwa angefurahi.
Sikumjibu. Nilikuwa nakunja soksi.
Nilizikunja zote, hata zisizo na wenzake.
Théo alipozaliwa kabla ya siku zake
nami nikalala wodini wiki saba,
ni nani aliyelala mlangoni, juu ya viatu vyangu,
asiruhusu mtu kuvihamisha?
Ghislain alikuwepo. Anajua.
Alizima taa, na shamba hakulitaja tena.

Nyumba tuliyoipata haikutangazwa.
Bi Pelchat hununua mkate Ijumaa
pale Ghislain anapooka,
na siku hiyo alilalamikia chumba cha chini kilichobaki tupu.
Vidato viwili tu toka barabarani.
Jiko rangi ya haradali, bomba linalokohoa,
reli nyuma ya ua. Treni hupita saa tisa usiku,
alisema, yeye haisikii, sikio la kushoto lilishaaga;
sisi tungezoea.
Alimwinamia Pistache. Uzito hakuuliza.
Aliuliza jina, akauliza tena,
akigeuza sikio zima, alipate vizuri.

Safari ni dakika hamsini na mbili.
Basi, metro, kisha miguu.
Penseli ya Ghislain ilisimama juu ya zile kumi na mbili zilizozidi;
nikaichukua mkononi mwake, nikaandikia orodha ya sokoni.

Usiku vikombe huzungumza kabatini.
Anouk anadai anawaelewa.

Leo asubuhi nilipitwa na kituo.
Nilirudi kwa miguu, manyunyu, viatu vya kazi,
nikihesabu milango isiyo yangu,
hadi nilipoona, dirishani, karibu kabisa na ardhi,
kioo kimeshachafuliwa na pua.